Barua Zilizotangulia Helikopta

Barua zilianza kufika miaka kadhaa kabla ya helikopta. Zilitoka Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani na kwenda kwenye ofisi ya kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: majina ya wafanyakazi mliyotuletea hayalingani na namba mlizotuletea. Hayakuwa majina mawili matatu. Yalikuwa mamia, na barua zilirudi tena na tena.

Barua ya namna hiyo si hukumu. Jina linaweza kukosewa herufi, mwanamke anaweza kuwa ameolewa akabadili jina la ukoo, karani anaweza kugeuza tarakimu mbili. Ndiyo maana mwajiri hatakiwi kumfukuza mtu kwa sababu ya barua hiyo peke yake. Anatakiwa amwite, amwonyeshe, ampe muda wa kwenda kurekebisha. Lakini mamia ya majina yanapokataa kulingana kwa miaka mfululizo, mwenye kiwanda ameshajua hali ilivyo. Na mfanyakazi ambaye haitwi, haulizwi wala haambiwi kitu, naye ana swali la kujiuliza: hawa wamenyamaza kwa faida ya nani?

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu bado kuna ndugu zetu wengi ughaibuni wanaokwenda kazini kila alfajiri wakiwa na jina ambalo mama zao hawakuwapa. Wengine si watu wa mbali na mimi. Najua shida zinazowafikisha hapo, na sina ujasiri wa kusema kwamba ningekuwa mahali pao, ada za watoto zikinisubiri nyumbani, nisingefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo nisomeni kama mtu anayejihadharisha pamoja nanyi.

Kiwanda chenyewe kiliitwa Agriprocessors. Kilianza mwaka 1987, Aaron Rubashkin, muuza nyama wa Brooklyn, New York, aliponunua machinjio yaliyokuwa yamefungwa Postville ili kutoa nyama ya kosha, yaani iliyochinjwa na kuandaliwa kwa sheria ya dini ya Kiyahudi. Miaka 20 baadaye kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya aina yake Marekani. Mji mzima ulikuwa na watu wapatao 2,300, na mwishoni mwa mwaka 2007 kiwanda peke yake kilikuwa na wafanyakazi 968. Kazi ilikuwa ya visu, baridi na damu, ya kusimama saa nyingi mahali pamoja na kukata kiungo kile kile mpaka mkono ufe ganzi. Wengi walioifanya walitoka Guatemala, vijiji vya Wamaya, na wengine Mexico. Hawakuwa na karatasi.

Dalili zilikuwepo, na nataka tuzitazame moja moja, kwa sababu mtu akisikia habari ya helikopta hudhani balaa lilishuka ghafla kutoka mbinguni. Halikushuka ghafla.

Mwaka 2006, The Forward, gazeti la Wayahudi wa New York, lilichapisha habari ndefu kuhusu hali ya wafanyakazi wa Postville: ujira mdogo, mafunzo hafifu ya usalama, watu kuumia. Waliokuwa wakila nyama ile kwa ajili ya dini yao walishtuka, na baadhi ya viongozi wao wakaanza kudai kwamba nyama isiitwe safi kwa kisu peke yake bila kumtazama aliyeshika kisu. Kiwanda kilikanusha. Kazi ikaendelea kama jana. Mwezi Machi 2008, wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Iowa walikuta makosa 39 na kupendekeza faini ya dola 182,000, ambayo baadaye ilipunguzwa sana. Palikuwa pia na watoto. Sheria za Marekani zinamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari za machinjioni, lakini wakaguzi wa jimbo walikuwa wakikusanya habari za vijana wadogo waliokuwa wakishika visu ndani ya jengo lile. Hawa nao walionekana na kila aliyeingia zamu. Mtoto hafichiki.

Dalili iliyonigusa zaidi haikutoka Postville. Ilitoka Brooklyn, kwenye ghala la kampuni hiyo hiyo, na watu wengi wanaosimulia kisa hiki huiruka.

Mwezi Septemba 2005, wafanyakazi wa ghala lile walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kura ikapita. Kampuni ikakataa kukaa mezani nao. Baada ya kura ndipo ikasema imechukua namba za hifadhi ya jamii za wapiga kura, imezipitisha kwenye kumbukumbu za serikali, na imegundua kwamba nyingi si za wenyewe. Kwa hiyo, ikasema, hawa si wafanyakazi halali, na asiye mfanyakazi hana kura. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Washington. Januari 2008 mahakama hiyo ikaamua dhidi ya kampuni: sheria ya uhusiano kazini inapomtaja mfanyakazi haiulizi kibali chake, na aliyeajiriwa bila karatasi bado ni mfanyakazi. Jaji mmoja alipinga, naye ni Brett Kavanaugh, ambaye leo yuko Mahakama Kuu ya nchi ile. Kwa hiyo tusidhani jambo hili ni jepesi au limekwisha.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Kampuni ilijua namna ya kuhakiki namba. Iliweza kufanya hivyo upesi, siku ambayo wafanyakazi walidai haki. Lakini barua zilizokuja Postville zikisema jambo lile lile hazikuwatoa watu kazini wala hazikuwaletea utaratibu wa halali. Karatasi mbovu hazikumsumbua mwajiri wakati mtu anakata kuku kimya kimya. Zilimsumbua alipoinua mkono. Hapo ndipo mfanyakazi wa Postville angeweza kujua alivyohesabiwa, kama angepata mtu wa kumweleza yaliyokuwa yakitokea Brooklyn. Mwajiri anayekuchukua huku akijua huna karatasi anaweza kuwa mtu mwema aliyekuhurumia. Anaweza pia kuwa amekukamata kwa kamba utakayoivuta mwenyewe hadi kooni.

Na ilivutwa kwenye ujira. Kiapo ambacho maofisa wa uhamiaji walikipeleka mahakamani kuomba hati ya upekuzi kilikuwa na maelezo ya watu waliodai kulipwa dola 5 kwa saa katika miezi yao ya mwanzo, wakati kima cha chini cha Iowa kilikuwa dola 7.25 tangu Januari 2008. Kiapo hicho kilieleza habari ya msimamizi anayedaiwa kumfunga Mguatemala mmoja macho kwa utepe wa gundi na kumpiga kwa kulabu ya kuning'inizia nyama. Kilisema pia kwamba asilimia 76 hivi ya wafanyakazi wale 968 walikuwa wakitumia namba za uongo au zenye shaka. Mtu aliyepigwa kwa kulabu angekwenda kushtaki wapi, huku jina analolitumia si lake?

Dalili ya mwisho ilikuja siku chache tu kabla. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa baadaye, mwanzoni mwa Mei 2008 wafanyakazi kadhaa waliambiwa walete picha na dola 200 ili watengenezewe kadi mpya za ukaazi, na Sholom Rubashkin, mtoto wa mwenye kiwanda aliyekuwa akikiendesha, alidaiwa kutoa mkopo wa fedha kwa ajili ya kadi hizo. Niseme wazi kwamba mashtaka yake ya uhamiaji yalikuja kufutwa bila kusikilizwa, kwa hiyo kwake yeye yalibaki madai. Lakini wasimamizi wawili walikiri makosa yao na wakafungwa.

Hapa nakusihi usimame kidogo. Ikiwa nyapara wako atakuja siku moja kukwambia, "Lete picha na pesa kidogo, tunabadilisha kadi zenu," huo si wema. Maana yake ni kwamba kuna jambo amelisikia, na anataka karatasi mpya ziwe mikononi mwako, zimelipiwa na wewe, siku wakubwa watakapokuja. Tangu dakika hiyo ushahidi wote unakuelekea wewe. Waliotoa dola 200 pale Postville walidhani wananunua usalama.

Wakubwa walikuja asubuhi ya tarehe 12 Mei 2008. Maofisa wapatao 900, helikopta juu, magari yamezunguka uzio. Watu 389 walikamatwa, wengi wao Waguatemala. Ulikuwa msako mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa mahali pamoja pa kazi nchini humo hadi siku hiyo. Waliobahatika kukimbia, na wanawake na watoto waliobaki nyumbani, walijaa katika kanisa Katoliki la Mtakatifu Bridget, wakalala kwenye viti siku kadhaa. Baadhi ya akina mama waliachiwa kwa ajili ya watoto wao, lakini wakavishwa pingu za elektroni mguuni. Hawakuruhusiwa kufanya kazi, na hawakuruhusiwa kuondoka. Kwa miezi walikula kwa sadaka ya parokia.

Waliobaki mikononi mwa serikali walipelekwa Waterloo, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe vya National Cattle Congress. Ukumbi wa dansi uligeuzwa mahakama. Waliingizwa kumi kumi, wamefungwa minyororo mikononi, kiunoni na miguuni. Mwanasheria mmoja alipewa watu kama 17, akiwa na siku chache za kuzungumza nao wote. Wengi hawakujua Kiingereza hata kidogo. Wengine Kihispania chenyewe kilikuwa lugha ya pili. Nyumbani walizungumza lugha za Kimaya.

Hadi wakati huo, mtu aliyekutwa akifanya kazi bila kibali kwa kawaida alirudishwa kwao. Safari hii serikali ilichukua njia nyingine. Iliwatishia shtaka la wizi mzito wa utambulisho, lenye kifungo kisichopungua miaka miwili, kwa madai kwamba namba walizotumia zilikuwa za watu halisi. Kisha ikawawekea mbele makubaliano: kiri kosa dogo la kutumia namba au karatasi za uongo, ufungwe miezi mitano, urudishwe kwenu bila kusikilizwa na jaji wa uhamiaji. Walipewa siku saba za kuamua. Dhamana haikuwepo. Mtu akisema, "Sina hatia, nataka kesi," angekaa mahabusu miezi sita au minane kuisubiri. Yaani aliyekataa angekaa ndani muda mrefu kuliko aliyekiri, hata kama angeshinda. Na watoto wake Guatemala wangeendelea kusubiri pesa ya unga.

Walikiri. Ndani ya siku kumi karibu watu 300 walikuwa wametiwa hatiani, na 270 kati yao wakapewa miezi mitano.

Tunayajua haya yote kwa undani kwa sababu ya mkalimani mmoja, Profesa Erik Camayd-Freixas, aliyekuwa na uzoefu wa miaka 23 katika kazi hiyo. Wakalimani hukaa kimya. Ndiyo maadili yao. Yeye kesi zilipokwisha aliandika yote aliyoyaona, kisha mwezi Julai akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alieleza kwamba alikaa na watu ambao hawakuelewa namba ya hifadhi ya jamii ni kitu gani na ni ya kazi gani. Waliambiwa kiwandani kwamba karatasi fulani inahitajika, wakaileta au wakapewa. Walituhumiwa kuiba kitu ambacho hawakujua kuwa kina mwenyewe.

Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Mei 2009, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Flores-Figueroa, mfanyakazi Mmexico wa kiwanda cha chuma Illinois, kwamba ili mtu apatikane na wizi ule mzito wa utambulisho, serikali lazima ithibitishe alijua kwamba namba ni ya mtu mwingine halisi. Fimbo iliyotumiwa kuwatisha watu wa Postville ilikuwa imewapiga bila haki wengi wao. Lakini walikuwa wameshatumikia kifungo na kurudishwa makwao.

Mwajiri naye hakupona, na wenzetu walio na biashara ughaibuni wasikilize vizuri sehemu hii. Agriprocessors iliomba kufilisiwa mwezi Novemba 2008. Ilijaribu kuleta watu kutoka mbali kuziba nafasi, hata kutoka visiwa vya Palau, na Wasomali nao wakaja. Haikuokoka, mwaka 2009 ikauzwa na kupewa jina jipya. Sholom Rubashkin alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa makosa 86 ya udanganyifu wa kibenki na mengineyo ya fedha, likiwemo la kuchelewesha malipo ya wauza ng'ombe, akahukumiwa miaka 27. Katika kesi ya jimbo ya kuajiri watoto, baraza la mahakama lilimwachia huru. Desemba 2017 Rais Donald Trump alimpunguzia kifungo, akatoka baada ya miaka minane. Wengi walisema miaka 27 ilipita kiasi, nami naona hivyo pia. Lakini biashara ya baba yake ilikuwa imekwisha, na mji ulioitegemea ulifunga maduka na kubaki na nyumba tupu za kupanga.

Tuseme sasa habari ya sheria yenyewe, maana nimeona watu wetu wengi wakiishi kwa uvumi. Tangu mwaka 1986, kila mwajiri Marekani lazima ajaze fomu iitwayo I-9 kwa kila anayemwajiri. Sehemu ya kwanza huijaza mfanyakazi mwenyewe, kabla siku yake ya kwanza ya kazi haijaisha. Mwajiri ana siku tatu za kazi kutazama karatasi halisi na kujaza sehemu ya pili. Mfanyakazi ndiye anayechagua alete karatasi gani kutoka kwenye orodha iliyowekwa; mwajiri hana ruhusa ya kusema, "Mimi nataka kadi ya ukaazi tu," wala kumdai mwenye lafudhi ngeni zaidi ya anavyomdai mwingine. Huo ni ubaguzi, nao una adhabu yake. Wewe uliyefungua kampuni ya kutunza wazee, kama walivyofanya Wakenya wengi Marekani, ukiajiri binamu yako wa damu, fomu ni ile ile. Itunze miaka mitatu tangu alipoajiriwa au mwaka mmoja tangu alipoondoka, ile itakayochelewa zaidi. Wakaguzi wakikupa notisi, una siku tatu za kazi tu. Usiajiri kwa simu na ahadi ya kwamba karatasi zinakuja.

Upande wa mfanyakazi, sheria ya ujira ya mwaka 1938 inamlinda aliyefanya kazi, awe na kibali au hana. Saa ulizofanya lazima zilipwe, na za ziada vilevile. Mahakama Kuu ilisema mwaka 1984 kwamba mwajiri anayewaita maofisa wa uhamiaji kuwakomoa wafanyakazi waliojiunga na chama amevunja sheria ya kazi. Lakini mwaka 2002, katika kesi ya Hoffman Plastic, mahakama hiyo hiyo ilisema asiye na kibali aliyefukuzwa isivyo halali hawezi kulipwa mishahara ya siku ambazo hakufanya kazi baada ya kufukuzwa. Kwa hiyo ulinzi upo, na una tundu. Asikudanganye mtu kwamba huna haki yoyote, na asikudanganye mtu kwamba haki yako ni kamili. Postville wakaguzi wa kazi walikuwa tayari wanachunguza mishahara na watoto siku helikopta zilipofika, na msako ukawatawanya mashahidi wao. Baadhi ya akina mama na vijana walikuja kupata viza ya wahanga wa uhalifu kwa sababu walieleza yaliyowapata. Wangeyaeleza mapema, kwa mwanasheria, kabla ya Mei, mambo yangeweza kuwa mengine.

Na sisi? Waterloo ile ile leo ina familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Walikuja kama wakimbizi, karatasi zao ni halali, na wengi wao wako viwanda vya nyama. Utasema basi kisa hiki hakiwahusu. Kinawahusu, kupitia jambo tunalolifanya kwa upendo: kuazimana karatasi. Huyu ana kibali lakini mgonjwa, yule ni mzima lakini kibali hana. Mpwa amefika, anahitaji kubeba maboksi apate nauli ya kumlipa aliyemleta. Tunampa kadi, anaingia zamu kwa jina la mjomba, mshahara unaingia benki ya mjomba, wanagawana. Kila mmoja anaona amemsaidia mwenzake.

Tazameni alipo mpwa huyu. Wamaya wa Postville hatimaye walitetewa na hoja kwamba hawakujua namba ni ya nani. Mpwa anajua. Ni ya mjomba wake, alikula ugali mezani kwake jana. Hukumu ya 2009 haimfuniki hata kidogo. Sheria ile ya miaka miwili inaweza kumfikia. Ikiwa mjomba ni raia, na mpwa katika fomu I-9 akaweka alama penye "raia wa Marekani", amejitia katika shimo lingine. Kudai uraia kwa uongo humfungia mtu mlango wa ukaazi wa kudumu, na ndoa na raia, ambayo wengi huitegemea kama wokovu wa mwisho, haiufungui. Nimesikia watu wakisema, "Ni alama tu ya kalamu." Jamani, alama hiyo moja haifutiki.

Akiumia mashine ikimkata kidole, aliyeumia kwenye kumbukumbu ni mjomba. Michango ya uzeeni inakwenda kwa mjomba. Naye mjomba, kama anapata msaada wa nyumba au matibabu kwa kipimo cha kipato, serikali itamwona ana kazi mbili na itamwuliza kwa nini hakusema. Na wakigombana, na watu wa damu hugombana, mmoja ana silaha juu ya mwingine. Hapo nyapara wa Postville amehamia sebuleni kwetu.

Usidhani pia kwamba mambo haya yamebaki 2008. Agosti 2019 watu wapatao 680 walikamatwa kwa siku moja kwenye viwanda vya kuku Mississippi. Kimojawapo kilikuwa cha kampuni ya Koch Foods, ambayo mwaka mmoja nyuma ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya unyanyasaji na ubaguzi wa wafanyakazi wa asili ya Amerika ya Kilatini. Ilikuwa siku ya kwanza ya masomo kwa baadhi ya watoto; walirudi wakakuta nyumba zimefungwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye huko, ukiona mshahara unalipwa taslimu na pungufu, msimamizi anajua jina lako halisi na la bandia na anayatumia kwa zamu, watoto wako kwenye mstari wa visu, wakaguzi wamepita na hakuna kilichobadilika, basi usingoje kuona magari. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, si wakala wa mtaani, si shemeji anayejua mtu. Mashirika ya wakimbizi na parokia nyingi yanao wanaosaidia bila malipo au kwa malipo kidogo. Andika saa zako mwenyewe kwenye daftari, kila siku, na utunze hati za mishahara nje ya kiwanda. Mkubaliane nyumbani nani atamchukua mtoto shuleni usiporudi, na shule iwe na jina la mtu huyo.

Na ukikamatwa, sema lugha yako. Usione aibu, wala usijibu "yesi" ili yaishe. Katika mahakama za jinai za serikali kuu, sheria ya mwaka 1978 inataka asiyejua Kiingereza apewe mkalimani, na si yeye anayemlipa. Kama Kiswahili chako ni cha sokoni na lugha unayoielewa kweli ni Kinyamulenge, Kibembe au Kimaay, taja hiyo, na urudie kuitaja mpaka iandikwe. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa yote kwa lugha hiyo, hata ukiambiwa zimebaki siku saba.